Usitupe kompyuta ya katikati: Ndiyo njia ya kufikia kumbukumbu za zamani

MWAKA 1874, Henry Morton Stanley alipoondoka pwani kuelekea maziwa makuu, alikuwa na mashua iitwayo Lady Alice. Hakuna mtu ambaye angeweza kuibeba nzima. Ilikuwa imeundwa Uingereza kwa vipande vinavyotenganishwa, na vipande hivyo vilibebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Ziwa Victoria, ambako vilifungwa tena na mashua ikaingia majini mwaka 1875. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 70 hivi, karibu kilo 32. Kilichozidi hapo kiligawanywa, au kilitafutiwa watu zaidi.

Misafara mingi iliyofuata njia ya kati haikwenda moja kwa moja hadi mwisho. Ilifika Tabora, mji ambao wasafiri wa wakati ule waliuita Kazeh, au Unyanyembe kwa jina la nchi yake, ikapumzika, ikahesabu mizigo na kuajiri wapagazi wapya. Hapo njia iligawanyika: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. David Livingstone mwenyewe alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, kwa miezi kadhaa ya mwaka 1872 akisubiri watu na vifaa kutoka pwani. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mji haukupoteza kazi yake ya njia panda. Hadi leo ndipo reli ya Mwanza inapoachana na ile ya Kigoma.

Msomaji anaweza kujiuliza haya yanahusiana vipi na kompyuta. Yanahusiana sana. Mtu atakayetaka kuhamisha programu kutoka kompyuta ya leo kwenda ile iliyotengenezwa miaka 30 au 35 iliyopita atagundua upesi kwamba mashine hizo mbili hazina njia rahisi ya kuonana. Ya leo ina matundu ambayo ya zamani haiyajui, na ya zamani ina kisomeo cha diski ambacho ya leo haikuwahi kuwa nacho. Anahitaji Tabora yake, yaani kituo cha katikati kinachoelewa lugha ya pwani na lugha ya bara. Kituo hicho ni kompyuta iliyotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2006 hivi, yenye Windows XP. Kwa bahati mbaya, ndiyo ambayo ofisi huiondoa kwanza, kwa kuwa si mpya ya kufanyia kazi wala si kongwe ya kuonewa fahari.

Jambo hili si mchezo wa wapenda vitu vya kale peke yao. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi huo, pamoja na mashine iliyofuata, uliingia katika matatizo makubwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini isipokuwa kwa kibali. Marufuku hiyo ililegezwa polepole baadaye, kompyuta ndogo za mezani zikaanza kuingia, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya na Marekani. Ndiyo sababu kumbukumbu za mwanzo za kompyuta ambazo mtu anaweza kuzikuta ndani ya kabati la ofisi ya mkoani, kwa kawaida, haziko kwenye kanda kubwa za sumaku. Ziko kwenye diski laini, maarufu kama flopi, na ziliandikwa kwa programu za MS-DOS.

Programu hizo zina majina ambayo wafanyakazi wa miaka ile hawajayasahau. Maktaba zilitumia CDS/ISIS, ambayo UNESCO ilitoa toleo lake la kompyuta ndogo mwaka 1985 na kuigawa bure kwa taasisi zisizo za biashara; ilienea sana katika maktaba za Afrika. Watafiti wa afya walitumia Epi Info ya CDC ya Marekani, nayo ilizaliwa mwaka huohuo na kugawiwa bure. Hesabu ziliingizwa katika Lotus 1-2-3, orodha za watu katika dBase, barua katika WordPerfect.

Windows ya biti 64 haiwezi kuendesha programu za biti 16, na Windows 11 haina toleo jingine ila hilo la biti 64. Programu iliyofanya kazi miaka kumi bila tatizo ikibofywa leo hutoa ujumbe mfupi wa kukataa, basi.

Tuchukue mfano. Maktaba ya chuo ina orodha ya vitabu iliyoandikwa kwa CDS/ISIS na kuhifadhiwa katika flopi za inchi 5.25. Kompyuta iliyotumika bado inawaka na kisomeo chake kizima, lakini diski yake kuu iliharibika zamani na programu ikapotea nayo. Kompyuta mpya inaweza kupata nakala ya programu, lakini haina mahali pa kuingiza flopi. Hivyo programu inabidi isafiri kwenda kwenye mashine kuukuu, ifungue orodha, kisha orodha isafiri kurudi. Ni safari mbili katika njia moja, na kila flopi inayozidi kukaa katika joto na vumbi inapunguza uwezekano wa ile safari ya pili kufanikiwa.

Umeme kwanza

Kabla ya kuwaza juu ya programu, ni vema kutazama nyuma ya mashine. Visanduku vya umeme vya kompyuta nyingi za zamani vina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, ya kuchagua volti 115 au 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imeachwa kwenye 115. Ikichomekwa katika umeme wetu wa volti 230 ikiwa hivyo, kitakachofuata ni mlio na harufu ya kuungua, na huenda safari ikaishia hapo. Vumbi lipulizwe au lipanguswe kwa brashi kavu. Skrini ya zamani yenye mgongo mrefu isifunguliwe na asiye fundi, kwani ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kuzimwa.

Betri ndogo ya saa karibu hakika itakuwa imekufa. Mashine itakuwa imesahau tarehe na, baya zaidi, imesahau aina ya diski zilizomo. Hilo si uharibifu. Ni kuingia katika ukurasa wa mipangilio wakati inapowaka na kuiambia upya.

Jingine la mapema ni kuzilinda flopi zenye kumbukumbu zisiandikwe juu yake kwa makosa. Ya inchi 3.5 hulindwa kwa kusogeza kile kifuniko kidogo pembeni hadi kitundu kiwe wazi. Ya inchi 5.25 ni kinyume: pengo lililo ubavuni huzibwa kwa kibandiko. Wapo waliowahi kuchanganya kanuni hizi mbili, na matokeo yake ni rahisi kuyakisia.

Kufunga mzigo

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kuwa programu ya leo inaweza kuwekwa katika kompyuta ya zamani mradi ipatikane njia ya kuifikisha. Haiwezekani. Kinachohamishwa ni programu ya enzi ileile ya mashine, ambayo leo imehifadhiwa ndani ya kompyuta mpya. Programu iliyotungwa kwa ajili ya kichakato cha 386 haitawaka katika mashine ya 8086, hata ikifika salama.

Kosa la pili liko katika majina. MS-DOS inajua majina ya mafaili yasiyozidi herufi nane, nukta, kisha herufi tatu. Faili lililoitwa kwa sentensi nzima litafika likiwa limekatwakatwa jina, na programu inayolitafuta haitalitambua. Majina yafupishwe mapema, yasiwe na nafasi katikati.

La tatu ni namna diski ilivyopangwa ndani. Kompyuta ya leo hupanga diski zake kwa NTFS, mpango ambao MS-DOS na Windows 98 hazijui kuusoma. Flashi kubwa za siku hizi huja na mpango wa exFAT, ambao nao haujulikani huko nyuma. Hapa ndipo kompyuta ya katikati inapoanza kulipa gharama ya nafasi inayochukua mezani. Windows XP inasoma NTFS na FAT32, na inasoma pia FAT12 ya flopi na FAT16 ya diski kuu za zamani. Chukua flashi ndogo ya gigabaiti 2 au 4, ipangwe kwa FAT32, na kompyuta mpya itaijaza bila shida; XP itaipokea bila kuomba programu ya ziada. Windows 98 ingehitaji kiendeshi maalumu kwa kila aina ya flashi, na MS-DOS isingeiona kabisa.

Ionywe hapa kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Mashine ya katikati isiunganishwe na intaneti hata kwa dakika tano. Kazi yake ni kupokea na kukabidhi. Na mafaili yote yakaguliwe virusi katika kompyuta mpya kabla ya kuondoka huko.

Flopi ya kawaida ya inchi 3.5 hubeba megabaiti 1.44, kwa hesabu kamili baiti 1,474,560. Huo ndio mzigo wa mpagazi mmoja katika safari hii. Programu kubwa kuliko hapo hufungashwa kwa zipu na kukatwa vipande, kila kipande katika flopi yake, halafu huunganishwa katika mashine ya zamani. Lakini mfungaji wa leo anaweza kutumia mbinu za ufungashaji ambazo kifunguzi cha mwaka 1993 hakizijui, kwa hiyo achague njia ya kawaida kabisa, isiyo na neno la siri. Kifunguzi chenyewe kitangulie, kikiwa katika flopi yake bila kufungashwa. Kuna aliyefikisha mzigo wote kisha akakuta kisu cha kukatia kamba kimefungwa ndani ya mzigo huohuo!

Njia za kupitia

Flopi ndiyo njia inayoeleweka haraka. Sony, kampuni ya mwisho miongoni mwa wakubwa waliokuwa wakizitengeneza, iliacha kuziuza mwaka 2011, kwa hiyo zinazopatikana leo ni za akiba ya zamani na nyingine hufa mara tu zinapopangwa. Visomeo vya kuchomeka kwenye USB bado vinapatikana na vinafaa kwa zile za megabaiti 1.44, lakini vingi havizielewi za kilobaiti 720. Kwa hizo, kisomeo kilichofungwa ndani ya kompyuta ya katikati ni bora. Flopi za inchi 5.25 zina mtego wake: ya kilobaiti 360 ikiandikwa katika kisomeo cha megabaiti 1.2, huachiwa mstari mwembamba ambao kisomeo cha asili cha 360 kinaweza kushindwa kuusoma. Atakayepata shida hiyo asiilaumu diski kabla ya kuitazama mashine iliyoiandika.

Ikiwa mashine kuukuu ina kisomeo cha CD, kazi inakuwa nyepesi zaidi. Diski iandikwe polepole, kwa majina mafupi, na iwe ile ya kuandikwa mara moja, kwa sababu visomeo vingi vya miaka ya 1990 havioni zile za kufutika. Katika mashine zenye MS-DOS tupu, kisomeo hicho kinahitaji viendeshi vyake viwe vimekwisha kuwekwa.

Na kama visomeo vyote vimekufa? Hapo ndipo waya unapookoa. Nyuma ya kompyuta za zamani kuna tundu la pini tisa, wakati mwingine 25, ambalo zamani lilitumika kuunganisha modemu au kipanya. Kompyuta nyingi za miaka ya 2000 bado zinalo. Za leo huhitaji kifaa cha kuchomeka kwenye USB. Waya unaotakiwa si ule wa kawaida wa modemu. Ni ule uliovuka, ambao pini ya 2 ya upande mmoja inakwenda kwenye pini ya 3 ya upande wa pili, ya 3 kwenye ya 2, na ya 5 kwenye ya 5 kwa tundu la pini tisa. Sababu yake ni nyepesi: anachosema mmoja lazima kiingie katika sikio la mwingine, si katika mdomo wake. Fundi wa redio mwenye bomba la kuchomelea risasi anaweza kuutengeneza kwa nusu saa.

Pande zote mbili zipangwe kwa mwendo mmoja. Kwa biti 115,200 kwa sekunde, mzigo wa flopi nzima hupita kwa dakika mbili na ushei. Mashine kongwe zaidi huweza kukwama kwa mwendo huo na kutaka 9,600, na hapo mzigo uleule utachukua dakika 25 hivi. Hakuna ubaya, mtu anywe chai.

Kinachosafirisha mafaili katika waya ni itifaki, yaani kanuni za mazungumzo. Xmodem ilitungwa mwaka 1977 na Mmarekani Ward Christensen, na Kermit ikatoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1981. Xmodem hukata faili katika vifurushi vya baiti 128. Kila kifurushi hutumwa pamoja na jumla yake. Mpokeaji hujumlisha upya, na hesabu ikilingana hujibu kuwa kimefika. Isipolingana, huomba kitumwe tena. Faili lenye ukubwa wa flopi hukaguliwa hivyo mara 11,520 kabla ya kukubaliwa. Msafara uliohesabu mizigo yake mara nyingi kiasi hicho usingefika Ujiji, lakini umeme una subira.

Windows XP ilikuja na HyperTerminal, programu inayozifahamu itifaki hizo zote mbili. Kuanzia Windows Vista iliondolewa. Hii ni sababu nyingine ya kuithamini mashine ya katikati. Upande wa zamani nao lazima uwe na programu ya kupokelea, na ikiwa haupo hata mmoja, inabidi angalau flopi moja ifanye kazi ili kuifikisha. MS-DOS 6 ilikuja na jozi ya INTERLNK na INTERSVR kwa kazi hii ya kuunganisha kompyuta mbili kwa waya. Mwenye mashine mbili za DOS atazifurahia.

Mtandao wa ofisi ni wa haraka kuliko waya, lakini una vikwazo vyake. Kompyuta za leo zimefunga kwa sababu za usalama namna ya zamani ya kushirikiana mafaili ambayo Windows 98 inaitegemea, na tovuti nyingi hazifunguki katika vivinjari vya wakati ule. Kinachobaki ni FTP, ambayo hata MS-DOS inaweza kuitumia ikiwa na kadi ya mtandao na viendeshi vyake.

Njia ambayo mafundi wengi duniani huipendelea sasa ni kadi ya CompactFlash, ile iliyotumika katika kamera. Ndani yake inaongea lugha ileile ya diski kuu za IDE, hivyo kipande kidogo cha kuunganishia kinatosha kuifanya iwe diski kuu. Kadi hujazwa katika mashine ya katikati kisha huhamishiwa katika ile ya zamani. Ukubwa uzingatiwe: mashine nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 haziwezi kuona zaidi ya megabaiti 504, na MS-DOS 3.3 haikubali sehemu moja ya diski izidi megabaiti 32.

Kuna njia ya mkato ambayo ni haki kuitaja. DOSBox, programu ya bure iliyotoka mwaka 2002, huigiza mashine ya DOS ndani ya kompyuta ya leo. Mwenye mafaili yake tayari katika flashi hana haja ya kuteswa na nyaya. CDS/ISIS au WordPerfect zinaweza kuendeshwa humo. Kwa maoni ya mwandishi, hilo litazitosha ofisi nyingi. Lakini DOSBox haina mkono wa kuingiza flopi ya inchi 5.25, wala haiwezi kuzungumza na kifaa cha maabara kilichotegemea kadi iliyochomekwa ndani ya mashine ya mwaka 1991.

Sheria nayo ipo. Programu haiwi mali ya kila mtu kwa kuwa tu imezeeka. Zilizo huru hutajwa hivyo na wenyewe, kama FreeDOS iliyoanzishwa mwaka 1994, au msimbo wa MS-DOS 4.00 ambao Microsoft iliuachia mwaka 2024. Kwa ofisi za umma, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haitofautishi karatasi na diski: kumbukumbu ni kumbukumbu kwa umbo lolote. Na flopi yenye majina ya wagonjwa isipelekwe dukani kwa fundi na kuachwa huko hadi Jumatatu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihusu pia.

Turudi kwenye maktaba ya mfano wetu. Programu imefika, orodha imefunguka. Hatua ya kwanza si kuanza kuitumia, ni kuitoa. CDS/ISIS ina uwezo wa kutoa orodha katika muundo wa ISO 2709, unaofahamika kwa programu za maktaba za leo. Faili hilo lirudi kwa waya au flopi hadi mashine ya katikati, liingie katika flashi, lifike kwenye kompyuta mpya, na idadi ya vitabu ilinganishwe na ile iliyoonekana kwenye skrini ya zamani. Ikipungua hata kitabu kimoja, mashine isizimwe. Faili litolewe tena.

Flopi za asili zirudishwe katika boksi lake mahali pakavu. Kompyuta ya katikati ifungwe pamoja na waya wake uliovuka na kisomeo chake cha flopi, na karatasi ibandikwe ubavuni ikieleza ni programu gani zimo ndani na ni mwendo gani wa waya uliokubali.